Waliomwogesha Tembo

Gavana alikuwa na desturi ya kulisoma gazeti kimya kwanza, peke yake, huku akiguna, ili watu washikwe na hamu. Alasiri hiyo pale kijiweni aliguna mara tatu, na guno la tatu lilivutwa mno hata Kitwana muuza kahawa akasita kumimina, kikombe hakijafika nusu.

"Sema basi mzee wangu," akasema Kitwana. "Watu tuhame mji au tukae?"

Gavana akakunja gazeti. Jina lake hasa ni Mwinyijuma. Alikuwa tarishi wa Bomani pale Bagamoyo miaka ishirini na miwili, akastaafu na beji yake ya shaba ambayo hakuirudisha, na mpaka mwaka huo wa hamsini na tatu alikuwa bado akisema "sisi serikali" kwa uso mkavu kabisa.

"Dasalama," akasema, "Mzungu mmoja msafiri wa meli amenunua sarafu ya Mdachi. Ya dhahabu, ya vita vile vya kwanza, imepigwa Tabora, ina picha ya tembo. Kainunua shilingi mia tatu."

"Kanunua nini?"

"Sarafu."

"Kwa nini?"

"Kwa shilingi, Mizani. Husikii?"

Mosi, aliyeitwa Mizani kwa kuwa ndiye mpima mbata wa ghala la ng'ambo ya barabara, aliteremsha kikombe chake taratibu. "Nasikia vizuri. Mtu kachukua hela akaenda kununua hela. Hela yenyewe haipiti dukani. Huyo kaka yake yuko wapi, mbona hakumzuia?"

"Gazeti linasema yako maduka maalumu ya hela za zamani. Wasafiri wakishuka mji wowote wa haja, kitu cha kwanza wanaulizia duka hilo."

"Mimi nikishuka mji wa watu naulizia msikiti na choo."

"Ndiyo maana hujaandikwa gazetini."

Watu wakacheka. Kitwana akajaza kikombe kilichokuwa kimesubiri. Watu wengine walimwita Dele, kwa sababu ya lile dele lake, birika la shaba la kahawa, alilokuwa akilisugua kila asubuhi kwa majivu na ndimu mpaka unajiona meno. "Lakini jamani," akasema, "si Mwingereza huyu huyu alipoingia alitangaza kwamba hela ya Mdachi si hela tena? Leo inageukaje?"

"Alitangaza," akasema Mizani. "Shangazi yangu kule Kaole alikuwa na kibuyu kizima. Aliposikia tangazo akakitupa kwa hasira."

Kitwana akamimina kahawa ya mtu mwingine, akafuta mdomo wa dele, kisha akauliza bila haraka yoyote, "Alikitupa wapi hasa?"

Mwisho wa benchi alikaa Ramadhan, ambaye pale kijiweni anaitwa Chumvi kwa kuwa ndiyo kazi yake, kuvuna chumvi kule pwani ya Nunge. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi. Toka lilipotajwa neno tembo hakumsikia tena mtu.

Yeye tembo huyo alikuwa naye. Marehemu baba yake alibeba mizigo ya Mdachi mpaka Tabora, akarudi na kikohozi, jembe moja na sarafu moja ya dhahabu, upande huu ndege, upande huu tembo kainua mkonga mbele ya mlima. Ramadhan aliifunga kwenye kitambaa cha hariri, akaifungia kashani, akaapa haiuzi. Na kwa ajili ya kiapo hicho, mkewe Mwanvita leo alikuwa na siku ya kumi na tisa kwao Mbegani.

Mwanvita hakufukuzwa wala hakukimbia. Alifunga vitu vyake mchana kweupe, akaaga majirani nyumba kwa nyumba, akamalizia na mumewe. "Miaka minane naishi chini ya makuti yaliyooza," alimwambia. "Tembo wako kalala kwenye hariri, pakavu. Mimi mvua inanihesabu mbavu. Basi kaeni wawili. Siku nikisikia nyumba hii ina bati, nitarudi." Ramadhan akabaki na tembo wake. Usiku wa kwanza alijiona mwanamume. Usiku wa pili alijipikia ugali, akautazama, akaenda kulala. Alimpenda Mwanvita, tena alimpenda sana, na masika yalikuwa yamebakiza wiki tatu kuingia.

Akasimama ghafla. "Ninayo," akasema.

"Una nini, homa?"

Alikwenda nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia, akarudi na fundo kwenye pindo la kikoi chake, akalifungua mbele yao juu ya benchi. Kijiwe kizima kikainama. Hata Bi Mwanamvua, aliyekuwa akichoma vitumbua vyake pembeni na kujifanya haya ya wanaume hayamhusu, aliacha kitumbua kiungue.

"Subhanallah," akasema Kitwana. "Mbona mdogo? Mia tatu nilidhani atakuwa tembo wa kupandika."

Mizani hakungoja. Aliichukua sarafu, akavuka barabara, akaiweka juu ya ile mizani ya kupimia magunia ya mbata. Mshale haukutikisika. Akaibonyeza kidogo kwa kidole. Akarudi na uso wa msiba.

"Pole, Chumvi. Ni ya uongo. Haina uzito."

"Mizani yako inaanzia ratili ngapi?" akauliza Bi Mwanamvua.

"Kumi."

"Basi hata wewe ukikatwa sikio ukaliweka pale, si sikio."

Gavana akakohoa, kikohozi cha kuita baraza. "Tuacheni utoto. Chumvi, mwanangu, unakwenda Dasalama kesho. Sasa nisikilize mimi niliyeutembea mji ule. Mwaka thelathini na nane nilipeleka barua pale, kwa mkono wangu huu."

"Ulikaa siku ngapi, mzee?"

"Nilikaa mpaka nikajibiwa."

"Siku ngapi?"

"Saa mbili. Lakini saa mbili za macho makali. Dasalama maduka mazuri yana mlango wa kioo. Ukiona mlango wa mbao, pita. Ukiona mwenye duka kavaa tai, ingia. Na ukiingia useme kwa sauti kwamba wewe ni mtu wa serikali."

"Mimi navuna chumvi."

"Chumvi nayo inalipiwa ushuru. Ni serikali hiyo hiyo."

"Usimsikilize," akasema Mizani. "Duka zuri ni lile lenye mizani nzuri. Tazama sahani zake kabla hujatazama uso wa mtu. Sahani zikilingana zikiwa tupu, huyo mcha Mungu."

"Duka zuri ni lile lenye watu wengi," akasema Kitwana. "Kama kahawa. Penye foleni ndipo penye utamu."

"Hapa kwako kuna foleni?"

"Hapa kwangu kuna nyinyi."

Wakabishana hivyo mpaka vitumbua vikaisha. Kila mmoja alikuwa na Dasalama yake kichwani, na wote watatu wakiunganishwa walikuwa wamekaa mji ule siku moja na robo. Ramadhan aligeuza shingo huku na huku, na kadiri alivyoshauriwa ndivyo alivyozidi kupotea. Bi Mwanamvua akamvuta kikoi.

"Wewe, njoo hapa. Ukifika usiingie dukani kama mtu anayeuza. Sarafu yako ifunge pindoni, isionekane. Ingia kama mtu anayetaka kununua. Mwulize, yule tembo wa Tabora utaniuzia bei gani? Akikwambia bei, nyamaza. Halafu mwulize, na mimi nikikuletea tembo kama huyo utaninunulia bei gani? Bei zake mbili zikiwa ndugu, kaa. Zikiwa hazijuani, toka."

"Hayo umeyatoa wapi, Bi Mwanamvua?"

"Kwani mimi mchele wa vitumbua naununuaje?"

Gavana alitikisa kichwa kuona mtu anachanganya sarafu za dhahabu na mchele. "Hayo ya sokoni tuyaache. Kuna jambo kubwa hamjaliona. Hebu itazameni hii." Akaishika sarafu kwa ncha za vidole. "Ina weusi kwenye mikunjo. Masikio ya tembo yamejaa taka. Mtaipeleka hivi mbele ya watu? Mimi nilipokuwa napeleka barua ya Bwana Mkubwa, kwanza nilisugua beji hii mpaka inawaka. Hata kama barua ni ya kumfukuza mtu kazi, afukuzwe na kitu safi. Sisi watu wa Bagamoyo hatupeleki kitu kichafu ugenini."

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu alasiri, hakuna aliyebisha. Maana ni kweli, mtu wa pwani hata akirudisha sahani ya jirani hairudishi hivi hivi. Bi Mwanamvua alikuwa tayari ameondoka na karai lake kichwani. Kitwana akatoa majivu yake, ndimu mbili na kipande cha gunia. Mizani akaona majivu hayatoshi, akaenda kuchota mchanga wa pwani, ule laini. Gavana akashika sarafu, Kitwana akasugua, Mizani akahesabu. Wakabadilishana zamu. Ramadhan alisikia kitu kinamkwaruza moyoni pamoja na ile sauti ya mchanga, lakini aliona taabu ya wazee wale, jasho la Gavana linavyotiririka kwa ajili yake, akaona kusema neno ni kukosa shukrani.

Walipomaliza, sarafu iliwaka hata Kitwana akatazama dele lake kwa huzuni.

"Sasa huyo ndiye tembo," akasema Gavana. "Huyo hata mlango wa kioo utafunguka wenyewe."

Siku ya nne lori la Dar es Salaam lilisimama mbele ya kijiwe, na Ramadhan akashuka kutoka juu, mweupe kwa vumbi la Mapinga mpaka kope. Nyuma yake zikashushwa bati mpya. Kijiwe kikasimama. Mizani, ambaye hawezi kuona kitu bila kukihesabu, alihesabu kwa sauti mpaka kumi na tano, kisha akamtazama utingo aendelee. Utingo akapiga bodi na lori likaondoka.

"Nyingine zinakuja kesho?" akauliza Mizani.

"Hakuna nyingine. Kitwana, nipe kahawa. Nipe mbili."

Alikunywa ya kwanza kwa funda moja. Nyumba yake ilitaka bati thelathini, kila mtu alijua, kwa kuwa Mwanvita alikuwa ameitangaza hesabu hiyo mpaka kisimani.

"Nilianza kwa sonara," akasema Ramadhan. "Mtaa wa Wahindi. Mizani yake nzuri, ndogo, sahani zinalingana."

"Nilisema," akasema Mizani.

"Tembo hakumtazama kabisa. Kamlaza kifudifudi kwenye sahani, kampima, kasema shilingi hamsini na tano, na akaniuliza nataka kipini au pete."

"Alitaka kumyeyusha?"

"Hapo hapo. Moto ulikuwa unawaka. Nikamnyakua tembo wangu nikatoka."

Kitwana akasema hamsini na tano si haba. Ramadhan akaendelea.

"La pili nilikwenda la karibu na bandari. Mlango wa kioo. Mwenyewe kavaa tai. Watu wamejaa, wageni wa meli, wananunua vitana na makombe ya baharini."

Gavana na Kitwana wakatazamana kwa fahari, kila mmoja akidhani duka ni lake.

"Nikaingia kama alivyonifunza Bi Mwanamvua. Nikamwuliza, tembo wa Tabora unauza bei gani? Akaweka mkono kifuani. Akasema, bwana wewe, hiyo sarafu imekuwa adimu, watu wanaifia, mimi ninayo moja nyumbani, kwa heshima yako mia nne. Akaniletea na kiti. Nikakaa. Nikamwuliza, na mimi nikikuletea moja? Akanitazama miguu. Akasema, aa, hizo zimezagaa, kila mvuvi anayo, kwa huruma tu nitakupa thelathini. Na kiti akakichukua."

Kijiwe kililipuka kwa vicheko. Mizani alijipigapiga paja. "Imezagaa na imekuwa adimu, kwa mtu mmoja, kwa pumzi moja."

"Bei zake hazikujuana," akasema Bi Mwanamvua, bila kuinua macho kwenye karai.

"Nikazunguka mpaka miguu ikaniwaka. Milango ya kioo imejaa, na tai zimejaa. Mwisho nikawaza peke yangu. Nikasema huu wa kununua hela iliyokufa ni ugonjwa, na wagonjwa wa namna moja hujuana. Nani mwingine ananunua kitu kilichokwisha kazi? Nikakumbuka stempu. Nikaenda posta, nikamwuliza karani, hapa mjini nani anakusumbua kwa stempu kuukuu? Hata hakufikiri. Akanielekeza kwa Mgoa mmoja mzee, ghorofani, mlango wa mbao, hauna hata jina. Ndani hakuna mtu ila yeye na madroo."

"Hakuna foleni?" akauliza Kitwana kwa mashaka.

"Hakuna nzi. Nikamwuliza bei ya kuuza. Akasema kwa sasa sina, ningekuwa naye ningemtoa kwa mia tatu na nusu. Nikamwuliza ya kununua. Akasema mia tatu, akiwa mzima. Basi moyo ukatulia. Nikajua hapa nimefika. Nikafungua fundo."

Hapo Ramadhan akachukua kikombe cha pili, akakinywa pole pole.

"Akaweka kioo jichoni. Akamgeuza huku, akamgeuza huku. Akatoa kioo. Akakaa chini. Akaniuliza, huyu nani kamwosha?"

Gavana alikuta kuna kitu kinahitaji kutazamwa ndani ya kikombe chake. Kitwana akaanza kulifuta dele, kisha akaliacha.

"Mimi nikasema kwa furaha, tumemwosha sisi, mzee, kwa heshima yako. Yule mzee machozi yakamlengalenga, wallahi. Akanipa kioo nitazame mwenyewe. Nikaona. Tembo ana mikwaruzo kama amepita kwenye miiba ya mkonge. Pembe imekuwa butu. Mlima wa nyuma umekuwa kichuguu. Akaniambia, watu wanaonunua hivi wanataka ule weusi wake, ule ndio miaka yake, ukiusugua umeitoa miaka. Mchafu ningekupa mia tatu mkononi. Huyu safi, mia na arobaini, na hiyo namhurumia tembo."

Gari la ng'ombe likapita, na hakuna aliyelitazama.

"Kwa hiyo," akasema Gavana mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango gizani, "Mzungu ananunua uchafu."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa angesema. Sisi tungejuaje? Uchafu si tungempelekea wa madebe."

"Hasara mia na sitini," akasema Mizani. "Gawanya kwa watatu, hamsini na tatu na senti. Mimi sehemu yangu ni ndogo, mimi nilileta mchanga tu."

"Mchanga ndio uliokata," akasema Kitwana. "Majivu yangu hayajawahi kuumiza mtu."

"Zamu zako zilikuwa nyingi. Nilihesabu."

Wangeendelea mpaka magharibi, lakini Ramadhan aliwaomba wamsaidie kubeba bati. Hasira hakuwa nayo. Kitu alichokuwa nacho ni woga, na aliusema wazi njiani, bati ikimgonga kisigino. "Alisema akisikia nyumba ina bati. Hakusema nusu. Atarudi kweli?"

Hakuna aliyethubutu kumshauri.

Wiki mbili baadaye mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kupiga hodi. Mchana huo mbingu ilipumzika kidogo, na kijiwe kikajaa. Ramadhan alifika wa mwisho, akaamkia, akakaa. Alikuwa amepungua, na macho mekundu, kikoi chake kimejikunja kwa unyevu.

"Habari za Mbegani?" akauliza Gavana kwa uangalifu.

"Mwanvita karudi."

Benchi zima likashusha pumzi. Kitwana akamimina kahawa ya bure, jambo ambalo halikutokea tangu harusi yake mwenyewe. Gavana akanyoosha miguu. "Al-hamdulillahi. Sasa unaona, mwanangu. Watu wanalaumu, wanalaumu, lakini mwisho wake nini? Tembo kang'aa na mke karudi."

"Karudi na mama yake."

Gavana akairudisha miguu.

"Nyumba yangu ina vyumba viwili," akasema Ramadhan. "Kimoja sasa kina bati, kimoja makuti yale yale. Mama mkwe kaingia, katazama juu huku, katazama juu kule, kaweka mkeka wake kwenye bati, na binti yake ubavuni. Kasema mwanawe hataachwa peke yake katika nyumba ya nusu. Ataondoka siku upande wa pili usipovuja. Mimi niko kwenye makuti."

"Mkeo si yuko ukuta wa pili tu?" akasema Mizani. "Piga hodi."

"Chumba anacholala mama mkwe nikapige hodi usiku? Nimwambie nimefuata nini?"

Mizani akafikiri. Akakubali kwamba hakuna namna ya kulisema. Wakwe wa pwani hawaingiliwi hivyo, hata nyumba ikiwa yako na bati ukalibeba kichwani mwenyewe.

"Namsikia anavyocheka," akasema Ramadhan. "Wanazungumza mle ndani, wanacheka, pakavu. Siku thelathini na tano nilimngoja. Sasa yuko mkono mmoja na nusu kutoka nilipo, na namkosa kuliko alipokuwa Mbegani."

Bi Mwanamvua alijifunika uso kwa upindo wa kanga, mabega yanatikisika, na haikujulikana anacheka au analia. Kitwana akasema pole. Gavana akasema haya mambo yanataka subira, na mvua nazo huisha, mwezi wa sita si mbali. Mizani akasema kwa hesabu yake ni siku sabini.

Ndipo Mwanvita alipotokeza kona ya ghala. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, kajifunga kanga kiunoni, na kichwani kabeba mzigo mkubwa wa majani makavu ya mnazi yaliyolowekwa. Nyuma yake mtoto wa jirani alikuwa akivuta mzigo mwingine na fungu la fito. Mizani alikumbuka kwamba kuna mbata aliyoiacha nje. Kitwana alikumbuka maji. Gavana aliinuka kabisa, akashika na fimbo yake.

Mwanvita akatua mzigo barabarani, akapiga goti kidogo kwa adabu zake zote.

"Shikamooni, wazee wangu."

Hapo ndipo waliponaswa. Shikamoo ya namna ile, mbele ya barabara nzima, mtu hawezi kuipa mgongo. Miguu ya watatu hao ikasimama ilipokuwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema Gavana.

"Marahaba," wakasema wengine, kwa sauti za chini.

"Mume wangu amenieleza jinsi mlivyomsaidia. Mlitoka jasho, kaniambia. Mlipokezana zamu. Nimesema watu wenye moyo kama huo si vizuri niwapite kimya." Akakaa kwenye benchi, kando ya Ramadhan, karibu kuliko ilivyozoeleka mtu na mkewe kukaa barazani, akaanza kugawa majani. La kwanza akamwekea Mizani mapajani, la pili Kitwana, juu ya dele. "Chumba cha pili kinataka makuti mia na ishirini. Mimi nitawaonyesha kusuka, si kazi ngumu. Na mama yangu kasema ana hamu kubwa ya kurudi kwake, anangoja nyinyi tu."

Ramadhan alihisi bega la mkewe limegusa lake na halikuondoka. Akachukua jani lake kabla hajapewa.

Watu wa sokoni walikuwa wameanza kusimama. Kusuka makuti ni kazi ya wanawake uani, na mtu mzima kuonekana nayo barabara kuu, mchana, ni habari itakayofika Kaole kabla ya magharibi. Bi Mwanamvua alisogeza kigoda chake apate kuona vizuri. Gavana alibaki amesimama, mkono juu ya beji yake.

"Mwanangu," akasema, akiteremsha sauti, "hawa sawa. Lakini mimi nilikuwa mali ya serikali."

Mwanvita akamchagulia jani refu kuliko yote, akalipangusa maji kwa upindo wa kanga, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Hata tembo alikuwa mali ya serikali, mzee wangu," akasema. "Na mlimsugua."

Gavana akakaa.